Mfyonzo Mrefu ni Maua

Wapo watu ambao ukubwa wao huonekana kwa gari, na wapo ambao huonekana kwa nyumba. Ukubwa wa mzee aliyeitwa Ulimi, mwonjaji wa kahawa, ulionekana kwa kijiko. Kilikuwa kijiko cha fedha, kimepinda kidogo shingoni kwa uzee, na kilikaa katika mfuko wa shati upande wa moyo. Kazini hapakuwa na mtu aliyethubutu kukigusa. Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyo alikichovya katika kahawa za dunia nzima, akafyonza, akatema, akasema. Akishasema, mjadala umefungwa. Kahawa aliyoisifu ilinunuliwa, na aliyoinyamazia ilirudi ilikotoka.

Kampuni ilikuwa ikinunua buni kutoka kila pembe, ikikaanga na kuuza. Chini palikuwa na ghala, magunia yamepandana hadi karibu na dari, kila gunia na mhuri wa nchi yake. Ukipanda ngazi ya chuma unafika chumba cha kuonjea: meza ndefu nyeupe, mabirika mawili ya maji, saa kubwa ya ukutani, na ndoo ndogo ya kutemea kwa kila mwonjaji. Humo marashi hayakuingia, wala kitunguu, wala sabuni ya kunukia. Karani mmoja mpya aliwahi kuingia na manukato ya harusini, Ulimi akamwambia kwa upole kwamba ama atoke yeye au itoke kahawa, na kahawa ilikuwa imetangulia kufika.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Buni hukaangwa, husagwa, unga hutiwa katika vikombe vitano kwa kila sampuli, kwa sababu punje moja mbovu inaweza kujificha katika kikombe kimoja na kuviacha vinne vikisema uongo. Maji ya moto humiminwa. Baada ya dakika nne unga hupanda juu na kutanda kama ngozi. Ndipo utando unapovunjwa kwa mgongo wa kijiko, pua imeinamia kikombe, maana hapo kahawa hutoa siri yake ya kwanza. Kisha hufyonzwa kwa kelele, kelele ambayo mtoto akiitoa mezani kwa watu hupigwa kofi, ili kahawa ipasuke mdomoni na harufu yake ipande puani kwa mlango wa nyuma.

Na chumba kile kilikuwa na desturi moja iliyowekwa na waliokufa zamani: mdogo hufyonza kwanza, mkubwa husema kwanza. Mdogo huandika maoni yake kwenye karatasi na kufunga mdomo. Mkubwa hufyonza baada yake, kisha hutamka.

Mdogo wa meza ile alikuwa binti wa Ulimi. Mkaangaji wa sampuli, jamaa mwenye utani usiokwisha ambaye watu wote walimwita Moshi, alikuwa amembatiza jina la Kijiko siku ya kwanza aliyoajiriwa. Alisema kuwa popote ulimi unapokwenda, kijiko hutangulia. Jina likanata. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, minane kati ya hiyo ameitumia akiwa amesimama mkono wa kushoto wa baba yake.

Lakini kazi alikuwa ameianza mapema zaidi, jikoni kwao, kabla hajajua kuandika. Baba yake alikuwa akirudi na mabaki ya sampuli katika vifuko vya karatasi visivyo na maandishi. Alipika kimoja, akammiminia mtoto nusu kijiko tu, na kumuuliza swali lile lile kila Jumamosi.

"Leo tuko wapi?"

Mtoto alifyonza kwa kelele zote alizojaliwa.

"Tuko Kenya, baba."

"Umejuaje?"

"Imening'ata."

Ulimi alicheka hadi akashika meza. Hakuwahi kupanda ndege maisha yake yote. Pasi ya kusafiria hakuwa nayo. Ila alimtembeza mwanawe duniani kwa nusu kijiko. Alimfundisha kwamba mti wa kahawa ni kama mtoto, huchukua tabia za mahali ulipolelewa. Milimani kwenye baridi tunda huiva polepole, likakasirika, likapata uchachu ule mzuri unaochangamsha mashavu. Mahali pa chini penye joto huiva upesi na kutulia, utamu wake ukawa wa karanga. Ethiopia ilikuwa maua, asmini na ganda la limau. Kenya ilikuwa tunda linalokung'ata kabla hujaling'ata. Kolombia ilikuwa tufaha na sukari iliyounguzwa. Brazili ilikuwa karanga na chokoleti, kahawa isiyogombana na mtu. Na Sumatra, ambako wakulima huimenya buni ingali na unyevu, ilikuwa msitu baada ya mvua: udongo, ubao, viungo. Mama mtu, ambaye hakunywa kahawa na alisema kuwa majani ya chai hayajawahi kumletea mtu kiburi, alikuwa akiwatazama na kutikisa kichwa. Nyumba hii, alikuwa akisema, ina pua moja inayolipwa mshahara, nyingine iko mafunzoni, na yangu inafanya kazi bure.

Basi zilibaki wiki tatu Ulimi astaafu. Sherehe ilikuwa imepangwa. Kijiko cha fedha kingewekwa katika kabati la kioo mlangoni, chini ya picha ya mwanzilishi wa kampuni. Mzee hakuwa akitaka zawadi wala hotuba. Alitaka kitu kimoja: atoke mlangoni akiwa bado Ulimi.

Na hapo ndipo palipokuwa na jipu. Pua ya Ulimi ilikuwa imekufa.

Ilikufa mwaka uliotangulia, kwa homa iliyomlaza siku tisa. Alipoamka alikula, akashukuru, akarudi kazini, hakusema neno. Kijiko aligundua Jumapili moja alipotoka kuanika nguo. Maziwa yalikuwa yamefurika jikoni, yameungua, sufuria imekuwa nyeusi, moshi unatambaa darini. Baba yake alikuwa amekaa hatua mbili kutoka jiko, mgongo kwa sufuria, anasoma gazeti. Mtu ambaye aliweza kujua gunia limepitishwa karibu na pipa la dizeli, hakujua kuwa maziwa yanaungua nyuma ya shingo yake.

Kijiko alizima jiko, akaosha sufuria, akafungua dirisha. Mzee alipogeuka akaona dirisha li wazi.

"Joto," alisema binti.

"Kweli, kuna joto," alisema baba.

Yakaishia hapo. Laiti yasingeishia hapo.

Ulimi alibaki na ulimi, na jina lake likawa kama dhihaka ya Mungu. Uchachu aliuhisi, na uchungu, na utamu. Kingine chochote kilikuwa kimefutwa. Maua hayakuwapo, msitu haukuwapo. Dunia yote aliyoibeba kichwani ilikuwa imepunguka kuwa maji makali na maji yasiyo makali.

Wiki iliyofuata, mezani, Kijiko alifyonza kikombe cha Ethiopia na bila kupanga akakivuta kirefu, pumzi ndefu iliyopanda mwishoni kama mtu anayenusa bustani. Baba yake alisubiri kidogo. Akafyonza chake, akasema: maua. Sampuli iliyofuata Kijiko aliikata fupi, kavu, kama mtu aliyeng'atwa. Mzee akasema: Kenya. Ndivyo lugha ile ilivyozaliwa. Mfyonzo mrefu ni maua. Wa kukata ni Kenya. Miwili ya haraka ni Kolombia. Wa kimya ni Brazili. Na ule mzito, unaokwisha kwa kishindo kooni, ni Sumatra. Kahawa ikiwa na dosari Kijiko alikohoa kidogo. Hawakuwahi kuipanga kwa maneno. Hawakuitaja nyumbani, hawakuitaja njiani, hawakuangaliana hata mara moja. Kwa miezi kumi na mmoja binti alimwazima baba yake pua, na baba akaipokea kama mtu anayepokea maji gizani, bila kuuliza mkono ni wa nani.

Mama naye alijua. Alimwambia Kijiko siku moja wakichambua mchele, kwa sauti ya mtu anayeongea na mchele. Miaka yote ya ndoa yao, mumewe alikuwa hatoki nyumbani asubuhi kabla hajamnusa begani, ilikuwa salamu yao. Bado alikuwa akifanya hivyo. "Lakini sasa," alisema mama, "ananinusa kama mtu anayebusu ukuta." Kisha akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa, akaendelea.

Wageni walikuja siku ya Alhamisi. Walikuwa watatu, watu wa mahoteli, waliotaka kununua kahawa ya Ethiopia kwa mwaka mzima. Walikuwa wamesikia habari za mzee anayetaja mlima kwa funda moja, wakaomba waone kwa macho yao: sampuli tano, kadi za majina zimefunikwa, mzee aonje na kuzitaja zote. Meneja, mwanamke mwenye haki na mwenye haraka, alikubali. Aliona kwamba ndiyo ingekuwa meza kuu ya mwisho ya Ulimi, na kwa moyo mweupe alitaka iwe ya fahari.

Jumatano jioni Kijiko alianza kupiga chafya.

Alfajiri ya Alhamisi pua yake ilikuwa imeziba kama mlango wa duka siku ya msiba. Alijifungia chumbani na beseni la maji ya moto, akajifunika taulo, akajifukiza polepole, kwa uangalifu, ili mlio wa kikohozi usivuke ukuta. Haikufunguka. Alinusa unga wa kahawa kwenye kiganja, hakupata kitu. Akanusa sabuni, hakupata kitu.

Unaweza kuuliza kwa nini hakumwendea baba yake na kusema: leo nina mafua. Maneno matatu tu. Lakini kumwambia nina mafua kungekuwa kumwambia najua. Kungekuwa kumwambia, baba, leo huna pua kwa sababu mimi sina pua. Mzee alikuwa sebuleni tayari, ameng'arisha viatu, anakipangusa kijiko kwa kitambaa, akiimba kimyakimya wimbo usio na maneno. Kijiko alimtazama kwa upenyo wa mlango, kisha akaufunga taratibu.

Tena alikuwa na tumaini moja. Moshi alikuwa na kanuni yake ya kupanga meza, nayo hakuibadilisha kwa miaka yote minane: wepesi watangulie, wazito wafuate, mdomo usichoshwe mapema. Ethiopia, Kenya, Kolombia, Brazili, Sumatra. Kadi zifunikwe zisifunikwe, mpangilio ulikuwa ule ule. Kijiko aliamua kuwa atafyonza kwa mpangilio. Hahitaji pua, anahitaji kuhesabu hadi tano.

Asichokijua ni kuwa Meneja alikuwa amekutana na Moshi kwenye ngazi asubuhi hiyo. Alikuwa amemwambia kwamba wageni wananunua Ethiopia, basi Ethiopia iwe ya mwisho, watoke na ladha yake mdomoni. Moshi alinung'unika kidogo kwamba huko ni kuvaa viatu kabla ya soksi, kisha akaigeuza meza yote, kichwa kikawa mkia.

Saa nne kamili maji yakamiminwa. Wageni walisimama upande wa dirisha, kila mmoja na kijiko cha kuazima. Moshi aliwatania kwamba wafyonze kwa nguvu, humu heshima ni kelele. Wakacheka. Ulimi alivunja utando wa kila kikombe kwa mkono usiotetemeka, pua imeinamia mvuke, uso umetulia. Kama hujui, ungeapa kuwa ananusa kitu.

Kijiko akafyonza sampuli ya kwanza. Mfyonzo mrefu, uliopanda mwishoni. Maua.

Baba yake alifyonza. Akatulia na kahawa mdomoni, muda mrefu kuliko kawaida. Akatema. Akamtazama binti yake, yeye ambaye kwa miezi kumi na mmoja hakumtazama hata mara moja mezani. Kijiko aliona yale macho lakini hakuyaelewa, au aliyaelewa na kuogopa. Aliandika kwenye karatasi yake: Ethiopia.

"Maua," alisema Ulimi. "Asmini, na ganda la limau. Ethiopia, ya milimani."

Mgeni mmoja alifyonza kikombe kile kile. Akakunja uso, akamtazama mwenzake. Moshi, aliyekuwa akipangusa birika, alisimama na kitambaa mkononi.

Sampuli ya pili Kijiko aliikata fupi. Mzee akasema Kenya, kwa sauti ya chini. Ya tatu binti aliifyonza mara mbili haraka, mzee akasema Kolombia, na hiyo ilikuwa kweli, maana cha katikati hubaki katikati hata ukigeuza meza.

Kijiko akafika sampuli ya nne. Akafyonza, na kahawa ikamng'ata. Hata kupitia mafua, hata kupitia ukuta wa pua, uchachu ule ulimshika pembeni mwa ulimi kama ulivyomshika akiwa na miaka mitano jikoni. Ilikuwa Kenya. Kenya, mahali pa Brazili. Aliyaelewa yote kwa mara moja: meza imegeuzwa, na amemwongoza baba yake shimoni akiwa amemshika mkono. Akainua kichwa, akafungua mdomo.

Hapo Ulimi akafanya jambo ambalo halikuwa limefanyika katika chumba kile tangu kijengwe. Hakusubiri. Alichovya kijiko chake, akafyonza kabla binti yake hajatamka kitu, akafuata mpangilio wa siku zote, akasema, "Brazili." Akahamia ya mwisho, peke yake, kabla ya mdogo wa meza, akafyonza, akasema, "Sumatra. Udongo na viungo." Kisha akakiweka kijiko mezani. Hakukirudisha mfukoni.

Meneja alifunua kadi moja moja. Sumatra. Brazili. Kolombia. Kenya. Ethiopia.

Mgeni mmoja alicheka, akidhani ni sehemu ya onyesho na kwamba mzee sasa angegeuka na kuwaonyesha siri ya mchezo. Kicheko kilizunguka chumba, hakikupata mwenzake, kikafa. Meneja alichukua karatasi ya Kijiko, akasoma majina matatu yaliyoandikwa. Akamtazama binti, akamtazama baba.

"Mkuu," alisema taratibu, "mmekosea wote wawili, na kwa namna moja. Nieleze."

Kijiko alisema ni yeye. Au alianza kusema. Sauti yake ilitoka puani, nzito, mafua yote yakiwa hadharani sasa.

"Kijiko, nyamaza," alisema Ulimi.

Alilisema kwa sauti ya kazini, siyo ya nyumbani. Kisha akawageukia Meneja na wageni, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha.

"Pua yangu ilikufa mwaka jana. Sikumwambia mtu. Huyu msichana ananiogopa, nikiwa baba na nikiwa mkuu. Asubuhi nilimwambia meza itakuwaje, akaandika nilichomwambia. Yeye pua yake ni nzima. Ni bora kuliko yangu ilivyokuwa nilipokuwa na umri wake. Kosa ni langu."

Ulikuwa uongo, na ulikuwa uongo mzuri, kila tofali mahali pake. Kijiko angeweza kuubomoa kwa neno moja. Angeweza kusema: amekuwa akisikiliza mifyonzo yangu. Lakini neno hilo lingewaambia watu wote kuwa kwa karibu mwaka mzima Ulimi alikuwa kipofu anayeongozwa, kwamba kila kahawa aliyoipitisha ilipitishwa na mwanawe. Lingemwokoa binti kwenye aibu ya kuitwa mwoga, na kumvua mzee nguo ya mwisho aliyobaki nayo. Basi akanyamaza. Aliambiwa anyamaze, akanyamaza, na hadi leo hajui kama ile ilikuwa adabu au usaliti.

Wageni waliondoka kwa heshima. Moshi alikusanya vikombe bila utani hata mmoja, akamrudishia mzee kijiko chake.

Walitembea kurudi nyumbani, baba na binti, jua la mchana likiwa limewakalia utosini. Walipita duka la viatu, walipita kinyozi, walipita ukuta wa shule uliojaa michoro ya chaki. Kwenye kona, mbele ya duka la kuuza mikate, Kijiko alisimama.

"Baba, nilikuwa na mafua."

"Nilisikia," alisema mzee. "Tangu usiku. Masikio yangu hayajafa."

"Sasa kwa nini hukusema tuahirishe?"

"Na wewe kwa nini hukusema?"

Mwanamke alitoka dukani na mikate ya moto chini ya kwapa, akapita katikati yao, na kati yao wawili hakuna aliyesikia harufu.

"Kile kikombe cha kwanza hakikuwa na uchachu hata chembe," aliendelea Ulimi. "Ulimi wangu uliniambia, hii si Ethiopia, usiseme. Lakini wewe uliniambia ni maua."

"Ungeufuata ulimi wako."

"Ningeufuata vipi?" Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. "Ningekuita mwongo mbele ya watu? Mwanangu. Mwaka mzima umenibeba mgongoni, halafu siku unayojikwaa mimi ndiye niruke chini?"

Kijiko alilia pale pale, kwa mafua na kwa uchungu, kamasi na machozi vikichanganyika bila adabu. Baba yake alimpa kitambaa kile cha kupangusia kijiko. Kilikuwa safi, kimekunjwa mara nne.

Sherehe haikufanyika. Meneja aliitaka ifanyike, alikuja nyumbani mwenyewe kuomba, lakini Ulimi alimshukuru, akamkaribisha chai, akakataa. Kuhusu kabati la kioo, alisema kuwa vijiko vya kampuni viko vingi, wachague kimoja. Wiki mbili baadaye Kijiko alipewa kiti cha baba yake. Pua yake ilikuwa imefunguka, kali kama zamani, na wa mahoteli walirudi, wakanunua. Mkono wake wa kushoto sasa anasimama mwonjaji mwingine, ambaye hufyonza kwanza na kuandika na kunyamaza. Kijiko hawezi kumsikiliza akifyonza. Kila mara hutazama saa ya ukutani mpaka mlio upite.

Nyumbani, Ulimi alijipatia kazi ndogo ndogo. Alitengeneza kitasa cha mlango. Alipaka rangi mabenchi. Asubuhi, kabla mkewe hajaenda sokoni, bado alimwinamia begani, na mkewe bado alisimama akimsubiri, amefumba macho, kwa dakika nzima kama inahitajika.

Jumamosi moja Kijiko alirudi na kifuko cha karatasi kisicho na maandishi. Ilikuwa Ethiopia, mavuno mapya, safi hivi kwamba alipousaga unga chumba chote kilijaa asmini na mama yake akaacha kufagia. Alimimina maji, akahesabu dakika nne, akauvunja utando kwa mkono wake. Akampelekea baba yake sebuleni.

Mzee alinyanyuka, akaenda jikoni, akafungua droo ya vijiko vya nyumbani. Kutoka humo, kati ya vijiko vya bati na uma zilizopinda, alitoa kile cha fedha. Kumbe ndimo alimokuwa amekiweka. Alirudi na kopo la sukari. Kijiko alimtazama akitia kijiko kimoja, cha pili, cha tatu, yeye aliyewahi kusema kuwa kutia sukari kwenye kahawa nzuri ni kumziba mtu mdomo katikati ya sentensi. Alikoroga taratibu, kijiko kikigonga ukingo wa kikombe.

"Baba," aliuliza binti, na hakujua kwa nini aliuliza, maneno yalitoka yenyewe. "Leo tuko wapi?"

Ulimi aliinua kikombe. Akafyonza, mfyonzo mrefu, mrefu kuliko yote aliyowahi kuifyonza mezani, uliopanda mwishoni. Akafumba macho. Jikoni mama alikuwa amesimama na ufagio mkononi, anasubiri naye. Mzee akaikalisha kahawa mdomoni, akaizungusha, akaitafuta kila mahali ilipowahi kukaa.

Kisha akameza.

"Ni ya moto," alisema. "Na sukari imetosha."